Bingwa Apatikane Uwanjani: Hoja ya Mchujo katika Futiboli ya Vyuo Vikuu vya Marekani

Novemba 30, 2024, timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo kikuu cha Ohio State ilifungwa na mtani wake Michigan pointi 13 kwa 10 mjini Columbus, mbele ya mashabiki wake yenyewe, na timu iliyomaliza msimu wa kawaida ikiwa na ushindi mara saba na vipigo vitano. Kwa sisi tunaoishi katika mji huo, kufungwa na Michigan si sawa na kufungwa na timu nyingine yoyote. Kilikuwa kipigo cha nne mfululizo kutoka kwao, na siku hiyo wengi walitaka kocha Ryan Day afukuzwe kazi kabla jua halijazama. Siku 51 baadaye, Januari 20, 2025, timu hiyohiyo iliifunga Notre Dame 34 kwa 23 mjini Atlanta na kutawazwa bingwa wa taifa. Nilishangilia mpaka sauti ikakauka. Hata hivyo, jirani yangu anayeishabikia Michigan aliniuliza jambo ambalo sikuweza kulijibu papo hapo: ni bingwa gani huyu aliyeshindwa kumfunga mtani wake nyumbani kwake? Nimelitafakari swali hilo kwa muda mrefu, kwa sababu ndilo swali zito kuliko yote wanayoulizwa watetezi wa mchujo, yaani mechi za mtoano za kumpata bingwa mwishoni mwa msimu, na mimi ni mmoja wao.

Msomaji aliyelelewa na soka huenda akashangaa kwamba mjadala huu upo kabisa. Katika Ligi Kuu ya Tanzania Bara timu 16 hukutana zote kwa zote, nyumbani na ugenini, na baada ya mechi 30 msimamo wa ligi husema wenyewe nani bingwa. Futiboli ya vyuo vya Marekani haina njia hiyo. Mwaka 2024 daraja lake la juu lilikuwa na timu 134, na kila timu ilicheza mechi 12 tu za msimu wa kawaida, nyingi zikiwa dhidi ya vyuo vya kundi lake, kundi linaloitwa konferensi. Mchezo wenyewe ni wa kugongana miili kwa nguvu, kiasi kwamba timu haiwezi kuucheza kila baada ya siku mbili tatu kama soka. Kwa hiyo timu mbili zinaweza kumaliza msimu bila kupoteza mechi hata moja, moja ikiwa ya Alabama na nyingine ya Idaho, bila kukutana na pengine bila kuwa na hata mpinzani mmoja wa pamoja. Kwa miongo mingi pengo hilo lilizibwa kwa kura. Shirika la habari la Associated Press lilianza kura ya waandishi wa michezo mwaka 1936, na makocha wakawa na kura yao kuanzia 1950.

Kura hizo zilipopishana, nchi ilibaki na mabingwa wawili. Msimu wa 1997 Michigan haikupoteza mechi, na Nebraska pia haikupoteza. Waandishi wakaichagua Michigan, makocha wakaichagua Nebraska, na timu hizo hazikukutana kamwe, kwa sababu mkataba wa zamani wa Rose Bowl, mechi ya heshima ya kufunga msimu, ulimfunga bingwa wa konferensi ya Big Ten acheze Pasadena na bingwa wa vyuo vya pwani ya Pasifiki. Mfumo uliofuata, ulioanza mwaka 1998, ulichanganya kura na hesabu za kompyuta ili kupata timu mbili za fainali, na kwa muda ilionekana kana kwamba tatizo limekwisha. Halafu ukaja msimu wa 2004. USC, Oklahoma na Auburn zote zilimaliza bila kufungwa, lakini nafasi zilikuwa mbili. Auburn ikaachwa nje, ikashinda mechi yake ya mwisho na kufikisha ushindi 13 bila kipigo, huku Oklahoma iliyochaguliwa badala yake ikichapwa na USC 55 kwa 19. Sijawahi kuwa shabiki wa Auburn, lakini kila ninapoufikiria msimu ule naona dhuluma, maana wachezaji wale walifanya kila walichoambiwa wafanye, wakamfunga kila aliyewekwa mbele yao, na bado hawakupewa mlango.

Mchujo wa timu nne ulipoanza msimu wa 2014, uliupanua mlango huo kwa kiasi, na mwaka wa kwanza tu Ohio State, iliyopangwa ya nne, ikazifunga Alabama na Oregon na kutwaa taji. Chini ya mfumo wa timu mbili, timu iliyothibitika uwanjani kuwa bingwa isingepewa hata nafasi ya kujaribu. Lakini nne nazo hazikutosha. Mwaka 2017 chuo cha UCF cha Florida kilishinda mechi zake zote 13, ikiwemo ya mwisho dhidi ya Auburn, ambayo msimu huohuo ilikuwa imezifunga Alabama na Georgia, yaani timu mbili zilizocheza fainali. UCF haikuwa imekaribia hata kufikiriwa na kamati ya uteuzi, iliyochagua timu hizo nne.

Kisha likaja tukio la Desemba 3, 2023, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo mjadala wote ulipo. Florida State ilikuwa imeshinda mechi 13 kati ya 13 na ilikuwa bingwa wa konferensi yake ya ACC. Katikati ya Novemba ilimpoteza kwa jeraha la mguu Jordan Travis, kwotabeki wake, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Bila yeye timu iliifunga Florida 24 kwa 15, kisha Louisville 16 kwa 6 katika mechi ya ubingwa wa konferensi. Kamati ya watu 13 ikaiacha nje na kuichukua Alabama, iliyokuwa imefungwa na Texas mwezi Septemba, kwa hoja kwamba Florida State bila Travis haikuwa timu ileile. Kabla ya hapo haikuwahi kutokea, katika miaka yote ya mfumo huo, bingwa wa mojawapo ya konferensi kubwa ambaye hajafungwa akaachwa nje.

Wapo wanaoitetea kamati, na utetezi wao si wa kupuuzwa. Wanasema kazi yake ilikuwa kuteua timu nne bora, wala si kugawa zawadi za mwenendo mwema, na wanaonyesha kwamba Florida State baadaye ilifungwa na Georgia 63 kwa 3 katika Orange Bowl. Hata hivyo, ushahidi wa mechi hiyo ni dhaifu, kwani wachezaji wengi wa Florida State hawakuicheza baada ya kuona ubingwa umefungwa mbele yao. Udhaifu mkubwa zaidi uko katika neno lenyewe “bora.” Ubora wa timu ambayo haijacheza ni dhana iliyo kichwani mwa mtu, na watu 13 waliofungiana hotelini Texas hawana darubini ya kuiona kesho. Ushindi ni jambo lililokwisha kutokea, limeandikwa, na kila mtu anaweza kulihesabu. Ndiyo maana naamini mchujo haupaswi kupimwa kwa kuuliza kama umeipata timu iliyo bora kuliko zote. Upimwe kwa kuuliza kama kuna timu iliyoshinda kila mechi yake ikaambiwa irudi nyumbani. Mchujo wa timu nne ulishindwa mtihani huo mwaka 2017 na 2023. Mchujo wa timu 12, ulioanza msimu wa 2024 na nafasi tano zilizotengwa kwa mabingwa wa konferensi, una uwezo wa kuufaulu.

Sasa nirudi kwa jirani yangu. Upande wa pili unasema hivi: uzuri wa futiboli ya vyuo ulikuwa kwamba kila Jumamosi ya vuli ilikuwa kama fainali. Novemba 18, 2006, Ohio State na Michigan, ya kwanza na ya pili nchini, zote bila kipigo, zilikutana Columbus, na Ohio State ikashinda 42 kwa 39. Aliyefungwa siku ile alipoteza njia ya kwenda fainali, na kila mtu uwanjani alijua hivyo tangu mpira wa kwanza. Mechi kama hiyo ikichezwa leo, timu zote mbili zingeingia katika kundi la 12 na mshindwa angejifariji kwamba watakutana tena Januari. Ndivyo ilivyokuwa kwetu mwaka 2024. Katika orodha ya mwisho ya kamati tulikuwa wa sita. Mlango wa timu nne ungekuwa umefungwa, na kipigo cha Michigan kingekuwa kimetugharimu taji. Hakikutugharimu.

Tena wanaweza kuutaja msimu wa Oregon, na hapo hoja yao inakuwa kali zaidi. Oregon ilitufunga 32 kwa 31 mwezi Oktoba, ikatwaa ubingwa wa Big Ten, ikafikisha ushindi 13 bila kipigo, ikiwa timu pekee ya daraja la juu isiyofungwa. Halafu Januari Mosi tukaifunga 41 kwa 21 katika Rose Bowl, na msimu wake ukaishia hapo. Wao walishinda mechi 13 na kufungwa moja. Sisi tulimaliza na ushindi 14 na vipigo viwili, na kombe likaja kwetu. Anayesema kwamba miezi mitatu ya Oregon ilifutwa na saa tatu na nusu za mchana mmoja hasemi uongo.

Jibu langu halifuti hoja hiyo, nakiri, ila linaipunguza uzito kwa sehemu mbili. Kwanza, utakatifu wa Jumamosi haukuwahi kuwa kamili hata enzi zile. Novemba 2011 LSU iliifunga Alabama 9 kwa 6 katika uwanja wa Alabama, na bado mfumo wa timu mbili ukazikutanisha tena Januari; Alabama ikashinda 21 kwa 0 na kuitwa bingwa, ingawa haikuwa hata bingwa wa konferensi yake. Kwa hiyo marudio hayakuletwa na mchujo. Yalikuwepo, ila yaliamuliwa kwa kura. Pili, na hili ndilo kubwa, Oregon ilipewa kile ambacho Auburn na Florida State zilinyimwa. Ilipoteza taji kwa kufungwa na wachezaji waliosimama mbele yake. Shabiki wa Oregon ana huzuni, na nadhani ninaielewa. Shabiki wa Florida State ana dai ambalo hakuna mtu anayeweza kulilipa.

Zipo hoja nyingine ambazo naziona nyepesi zaidi. Inasemwa kwamba timu dhaifu zitachapwa tu, na ni kweli kwamba wenyeji waliibuka washindi katika mechi zote nne za raundi ya kwanza mwaka 2024, iliyokaribiana zaidi ikiwa na tofauti ya pointi 10. Lakini fainali ya msimu wa 2022, ya mfumo wa timu nne, iliisha Georgia 65, TCU 7. Inasemwa pia kwamba mchujo hauwezekani kwa wanafunzi, ilhali madaraja ya chini ya mchezo huuhuu yana mchujo tangu miaka ya 1970 na mitihani yao hufanyika. Suala la miili ndilo linalonisumbua. Ohio State na Notre Dame zilicheza mechi 16 kila moja msimu ule, mzigo unaoukaribia ule wa wanaolipwa katika ligi ya NFL, na wengi wa wachezaji hao wa vyuo wana umri wa miaka 19 hadi 22. Kila raundi inayoongezwa ina magoti na vichwa vya vijana ndani yake, na mtu anayetetea mchujo bila kulitaja jambo hilo hajautetea kwa uaminifu.

Kwa sababu hiyo nasema 12 zitoshe. Mwaka 2025 viongozi wa Big Ten walisukuma mpango wa timu 16 ambamo konferensi mbili zenye nguvu zaidi, yao na SEC, zingepewa nafasi nne za uhakika kila moja, ACC na Big 12 mbilimbili. Hapo hoja niliyoijenga inageuzwa dhidi yangu, maana nafasi inayotolewa kwa jina la konferensi kabla mpira haujachezwa ni kura ya zamani iliyovaa nguo mpya. Kama wanataka kubadilisha kitu, waichukue robo fainali kutoka Pasadena, New Orleans na miji mingine na kuipeleka vyuoni, kama raundi ya kwanza. Usiku wa Desemba 21, 2024, Tennessee ilikuja Columbus, baridi ikiwa chini ya nyuzi sifuri, na mashabiki wake wenye nguo za rangi ya chungwa walijaa uwanjani kwa wingi ambao hatukuutarajia. Tuliwafunga 42 kwa 17, na sijaona usiku mwingine uliofanana na ule. Hiyo ingekuwa zawadi halisi ya kushinda Jumamosi za vuli: mshindi akae nyumbani, mpinzani ndiye asafiri.

Na mechi ya Michigan? Katika mchujo wa 12 ilitupokonya nafasi ya kucheza mechi ya ubingwa wa Big Ten, ikatulazimisha kucheza raundi moja ya ziada katika baridi ile, na ikatuacha wiki tatu nzima mji mzima ukibishana kama kocha abaki. Katika mchujo wa 16 wenye nafasi nne zilizohakikishwa, tungefungwa na Michigan, tukaenda nyumbani, tukala chakula cha jioni, na msimamo wetu usingebadilika hata kidogo.