Masika hayalipi mkopo
Mwandishi wa makala hii anasema fleti ya kupangisha watalii Zanzibar inajilipa yenyewe: ukishatoa kianzio, kodi ya wageni inabeba marejesho ya benki. Labda Julai na Agosti. Mie nina fleti ya chumba kimoja Fumba, na daftari langu la mwaka jana lina kurasa mbili takriban tupu, Aprili na Mei. Mvua zikishashika wageni hawaonekani, ila benki haijui masika wala vuli, tarehe 5 inakata chake. Na hapo bado ada ya huduma ya jengo, umeme wa kiyoyozi (mgeni yuko ufukweni Nungwi tangu asubuhi, kiyoyozi kinaunguruma), na fundi, maana chumvi ya bahari inakula vitasa na bawaba hata hujamaliza mwaka. Jingine hakuligusa kabisa: ardhi yetu ni mali ya umma kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992, unachopewa ni haki ya matumizi, kwa hiyo benki itataka kwanza kujua una waraka gani mkononi. Wangu ulichelewa kwa mjenzi, awamu za mwanzo nikazilipa kwa kuuza gari yangu ya abiria, mkopo ukaja baadaye. Jamani, kuna aliyenunua kwa murabaha humu, ile ya benki kununua kwanza kisha kukuuzia kwa faida, ukalipa kidogo kidogo? Masika yakikukwamisha miezi miwili, benki yenu inakufanyeni?