Rabi: mwalimu au mkubwa?

Jioni moja nilikuwa barazani nikisoma Yohana 1:38 kwa sauti: "Rabi, unakaa wapi?" Bibi jirani yetu, Mwislamu aliyekulia kwenye kasida na tenzi, akaacha kuchagua mchele wake. "Mjukuu wangu, Rabi si Mola? Mola huulizwa anakaa wapi?"

Swali hilo halikunitoka. Rabi ya bibi ni ya Kiarabu, yangu ni ya Kiebrania, ila ni maneno ndugu, mzizi wao mmoja. Kwa Kiebrania *rav* ni mkubwa, na ile *i* ya mwisho ni "wangu". Basi neno kwa neno, rabi ni "mkubwa wangu". Katika Yona 1:6, yule nahodha anayemwamsha Yona usingizini ni *rav* wa mabaharia, wala hakuwa na darasa.

Hata hivyo, wanaosema rabi ni mwalimu wana hoja nzito. Yohana mwenyewe anafasiri palepale: "maana yake, Mwalimu". Wayahudi humwita Musa *Moshe Rabenu*, na wanakusudia mwalimu wetu. Tena rabi si kuhani. Ukuhani ni wa kuzaliwa katika ukoo wa Haruni; urabi hupatikana kwa kusoma. Warumi walipoliteketeza Hekalu mwaka 70, makuhani walibaki bila madhabahu, na walimu ndio walioshika watu. Hillel, mwalimu mashuhuri wa Kiyahudi aliyewatangulia, hana hata cheo cha rabi: anaitwa Hillel basi.

Mimi nakubali, lakini Mathayo 23 inanikwamisha. Yesu anawasema wanaopenda "kusalimiwa masokoni, na kuitwa na watu, Rabi", kisha anawaambia wanafunzi wake: "msiitwe Rabi". Kama neno lina maana ya kazi ya kufundisha tu, kosa liko wapi? Sasa weka pale "mkubwa wangu". Mwone mtu anayepita sokoni taratibu, akingoja kila mwenye genge ainuke na kusema "Shikamoo, mkubwa!" Hapo onyo linaeleweka bila mhubiri.

Na Wayahudi wenyewe waliiona hatari hiyo. Katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya walimu wao uliokamilika karibu mwaka 200, kuna kitabu cha mausia kiitwacho Avot, na sura yake ya kwanza inalitumia neno hili kwa namna tatu, kila moja kinywani mwa mwalimu wa kale. Antigono wa Soko anaonya tusiwe kama watumwa wanaomtumikia *rav* wao kwa kutaka ujira. Huyo ni bwana mwenye watumwa. Mistari michache mbele, Yoshua ben Perahya anashauri ujipatie *rav*. Huyo ni mwalimu. Kisha Shemaya anasema: penda kazi, chukia *rabanut*, yaani ubwana. Neno lilelile linatafutwa na kukimbiwa katika ukurasa mmoja.

Kwa hiyo "Mwalimu" ibaki kwenye Biblia zetu, lakini anayefundisha aya ile asiufiche ukubwa uliomo ndani yake. Ukiuondoa, Mathayo 23 inakosa makali.

Nilirudi kwa bibi nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho, mkono ungali kwenye ungo. "Maalim wetu wa chuoni," akasema, "tulikuwa tukimwamkia kwa kumbusu mkono. Sasa mwalimu na mkubwa, mwanangu, wewe umewatenganishia wapi?"