Bangi ya mtu mzima: nani atashika mizani Lubumbashi?

Katazo la bangi ni kongwe kuliko mji wetu wa Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Kongo-Kinshasa. Dola Huru la Kongo la mfalme Leopold II lilipiga marufuku bangi mwaka 1903. Lubumbashi, enzi hizo ikiitwa Elisabethville, ilianzishwa mwaka 1910. Tangu hapo wamepita Wabelgiji, Mobutu na marais wawili wa jina la Kabila, baba na mwana, na bado kulima, kuuza, kubeba na kuvuta ni kosa. Anayetaka sheria ilegezwe anagusa jambo lililodumu zaidi ya karne. Anayetaka ibaki vilevile naye ana deni la kueleza kwa nini, baada ya muda wote huo, msokoto unapatikana Katuba au Kenya (komine, yaani wilaya ya mji, si nchi) bila kuutafuta sana.

Tuelewane kwanza tunabishania nini. Kuondoa kosa la jinai si kufungua duka. Kinachopendekezwa ni kidogo: mtu mzima akikutwa na kiasi cha kuvuta mwenyewe, asifungwe. Kuuza kunabaki kosa, na kumpa mtoto kunabaki kosa. Mabishano mengi ya hapa yanaharibika kwa sababu mmoja anazungumzia jambo hilo dogo, na mwenzake anamjibu kana kwamba kesho bangi itapangwa mezani pamoja na mikate.

Hoja yenye nguvu zaidi ya wanaotaka mabadiliko haipatikani kwenye vitabu vya haki za binadamu. Iko kwenye kasho, mahabusu ya polisi. Kijana anasimamishwa jioni, mifuko inapapaswa, kinatoka kipande cha karatasi ya daftari kilichokunjwa, ndani yake majani ya kuvuta mara mbili au tatu. Katiba, kifungu cha 18, inasema asizidishe masaa 48 mikononi mwa polisi. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inamruhusu OPJ, yaani ofisa wa polisi mpelelezi, kumtoza amande (faini) na kuimaliza kesi bila kufika kwa zuji (hakimu). Kwenye karatasi, hilo ni jambo la busara. Barabarani, kila mzazi wa mji huu anajua linavyokwenda: simu inapigwa nyumbani, mama anaulizwa ana ngapi, bei inaanza juu, inashuka kadiri usiku unavyosogea, na risiti haionekani. Mwenye nacho analala kwake. Asiye nacho anapelekwa parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, na kutoka parke anaweza kuishia Kasapa, gereza ambalo Septemba 2020 wafungwa walifanya maasi na wanawake waliofungwa humo wakabakwa kwa siku kadhaa. Majani ya franka chache yanaweza kumfikisha mtu mahali kama hapo, wakati mwenye kilo kadhaa ana namna yake ya kupita.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba sheria ya sasa, hata kama ni kali, angalau inatisha. Inamtisha nani? Mvutaji haogopi sheria, anaogopa siku ambayo hana pesa.

Lakini upande wa pili hauna watu wa kupuuzwa, na mara nyingi wenye hofu ndio wanaoishi karibu zaidi na tatizo. Mama mwenye mtoto wa miaka 14 anayerudi na macho mekundu hahitaji hotuba ya uhuru wa mtu binafsi. Sayansi iko upande wake kwa sehemu kubwa: ubongo unaendelea kukua hadi karibu miaka 25, na uvutaji wa mara kwa mara ulioanza utotoni unahusishwa na kusahau, kushindwa masomo na, kwa wenye udhaifu huo, wazimu wa kusikia sauti zisizokuwepo. Makadirio yanayotajwa sana, yaliyotoka Marekani, ni kwamba takribani mmoja kati ya wavutaji kumi hunaswa asiweze kuacha. Kwa walioanza wakiwa vijana wadogo, ni mmoja kati ya sita. Na sisi tuna watoto wengi wanaoanza mapema: mashege (watoto wa mitaani) wa sokoni, watoto wanaookota mawe kwenye machimbo. Katiba yenyewe, kifungu cha 42, inailazimisha serikali kuwalinda vijana dhidi ya chochote kinachodhuru afya na elimu yao. Mtu hawezi kusoma vifungu vya uhuru tu na kukiruka hicho.

Hapo ndipo hoja maarufu ya pombe inapoingia: lutuku inaua zaidi, bia inauzwa kila kona, mbona bangi peke yake? Hoja hii inapendwa sana, na mimi naiona inakata pande zote mbili. Ni kweli kwamba lutuku, ile pombe kali ya mahindi na mihogo inayokenekwa nyuma ya nyumba, imewamaliza watu tunaowajua. Lakini tuangalie tulivyoiendesha. Mtoto anatumwa na chupa ya plastiki kumnunulia baba yake, anauziwa bila swali, na njiani anaonja. Kama tumeshindwa kuwalinda watoto na pombe, ahadi kwamba bangi itakuwa ya watu wazima tu ina thamani gani? Anayetetea mabadiliko lazima alijibu swali hilo. Jibu langu, ambalo si kamili, ni kwamba sheria ya sasa nayo haimzuii mtoto. Inamfanya tu aogope kusema anapougua, kwa sababu ugonjwa wake ni kosa la jinai.

Wengine husema ni tabia ya kigeni. Hapana. Karne ya 19 huko Kasai, ambako wakazi wengi wa mji huu wana asili yao, chifu Kalamba Mukenge na watu wake walijiita Bena Riamba, wana wa bangi, na Hermann von Wissmann, msafiri wa Kijerumani aliyefika huko mwaka 1881, aliandika kwamba walivuta pamoja kama ibada, na pia kwamba mkosaji aliadhibiwa kwa kuvutishwa hadi azimie. Historia hiyo haimpi mtu ruhusa ya chochote leo, ila inaifuta hoja hiyo moja.

Basi twende kwa waliojaribu. Ureno, tangu Julai 2001, mtu akikutwa na kiasi kisichozidi cha siku kumi, ambacho kwa bangi ni gramu 25, hapelekwi mahakamani. Anapelekwa mbele ya kamati ndogo ya watu wa sheria, afya na huduma za jamii. Vifo vya kuzidisha dawa na maambukizi ya UKIMWI vilipungua. Wanaharakati husimulia habari hii wakaishia hapo. Tatizo kubwa la Ureno wakati huo lilikuwa heroini, na pamoja na sheria walitoa pesa za matibabu. Sisi tuna kituo cha Joseph Guislain cha magonjwa ya akili hapa Lubumbashi, kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo, shirika la Kikatoliki, na baada ya hapo ni vyumba vya maombi. Kamati ya Kireno ingempeleka mtu wetu wapi?

Afrika Kusini inatufaa zaidi. Septemba 18, 2018, Mahakama yao ya Katiba, kwa hukumu iliyoandikwa na jaji Raymond Zondo, ilisema serikali haina sababu ya kutosha ya kuingia kwenye faragha ya mtu mzima anayevuta au kulima kidogo kwake. Faragha hiyo imo hata kwenye katiba yetu, kifungu cha 31, na kifungu cha 162 kinamruhusu mtu yeyote kuipelekea Mahakama ya Katiba sheria anayoiona inapingana na katiba. Kwa hiyo mlango upo, na haumsubiri mbunge. Ila tuone walichokumbana nacho baada ya ushindi: watu waliendelea kukamatwa kiasi kwamba mwaka 2023 polisi walihitaji waraka wa kuwaambia waache, na sheria yenyewe ilitiwa saini na Rais Ramaphosa tarehe 28 Mei 2024, siku moja kabla ya uchaguzi.

Majirani zetu wa Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, walichagua njia ya tatu: sheria ya mwaka 2021 inayoruhusu kulima kwa leseni, kwa ajili ya dawa na kuuza nje. Anayevuta mwenyewe hakupata kitu. Hiyo ni siasa ya biashara, tusiichanganye na hii yetu.

Swali langu kwa pande zote mbili ni hili: nani atashika mizani? Gramu 25 ni kipimo kizuri mahali ambapo polisi ana mizani, mshahara na hofu ya avoka (wakili). Kwetu, anayeamua kama ni 24 au 26 atakuwa mtu yuleyule, kwenye kasho lilelile, usiku uleule. Kikomo cha gramu kitageuka kuwa bei mpya. Ndiyo maana naegemea kuondoa kosa la jinai kwa mtu mzima, lakini si kwa kunakili gramu za wengine. Afadhali sheria iseme jambo ambalo hata mama wa sokoni anaweza kulidai kwa sauti: kwa matumizi binafsi, hakuna kasho. Kiasi hicho kikikutwa barabarani, kinachukuliwa na mtu anaenda zake, bila amande ya kujadiliwa.

Kinga ya nyumbani, kama ya Afrika Kusini, ni nzuri pia, ingawa itawafaa zaidi wenye kuta. Wa Golf, kartiye (mtaa) ya wenye nacho, atavuta kwenye bustani yake. Wa Kenya analala chumba kimoja na wadogo zake, anashiriki uwanja na wapangaji wengine, na moshi wake ni wa wote. Ukisema nyumbani ruksa, nje marufuku, umeandika sheria mbili kwa mji mmoja.

Na hata hiyo ninayoipendekeza ina shimo ambalo Afrika Kusini nayo haijaliziba. Mtu mzima anaruhusiwa kuwa nayo, ila hana mahali halali pa kuinunua, na asiye na kiwanja hawezi kuilima. Ataendelea kwenda kwa yule mama anayeuza vipande vya karatasi ya daftari, mara nyingi mjane au mke wa mtu asiye na kazi. Mvutaji akishatoka kwenye hesabu za polisi, huyo ndiye atakayebaki wa kukamatwa, na bei ya kumtoa itapanda.