Anwani ya Kurudi Iwe Daka la Nyumba

Kofia ile ya vito, yaani vitundu vya kudarizi kwa mkono, niliianza Shaabani, nikaikamilisha Mfungo Tatu ukikaribia. Miezi minne ya kuinamisha shingo dirishani, tundu moja moja, uzi kwa uzi. Mteja alikuwa Nakuru. Alilipa nusu, tukaafikiana nusu ya pili aitume akishaipokea. Nikaitia kofia katika boksi la viatu, nikaandika juu jina lake na nambari yake ya simu, nikampa kijana wa mkokoteni. Ikavuka kwa boti hadi Mokowe, ikapakiwa basini, ikaenda zake.

Siku ilipofika, mteja alikuwa amefikwa na msiba, yuko kijijini na simu imezimwa. Alipokwenda kuulizia mzigo wiki tatu baadaye, haukuonekana. Nambari yangu ilikuwa kwenye stakabadhi peke yake, na karani alikuwa ameandika tarakimu moja siyo. Kwenye boksi lenyewe hapakuwa na herufi hata moja ya kumwambia mtu mzigo huu umetoka wapi na urudi kwa nani. Sidhani kama kuna aliyeuiba. Nadhani ulikaa stoo miongoni mwa mizigo mingine isiyo na mwenyewe, ukahamishwa, ukafunguliwa, ukaisha hivyo. Nusu ile ya pesa nilimrudishia.

Tangu hapo nina msimamo, na ninawaambia kina mama wote ninaowajua wanaouza vitu majumbani hapa Lamu kwa WhatsApp na Facebook: kila mzigo uwe na anwani ya kurudi, na anwani hiyo isiwe mlango wa nyumba yako. Wengi hukubali nusu ya kwanza, wakaishangaa ya pili.

Wana sababu ya kushangaa. Huku kwetu anwani ni mtu. Mji wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, hauna utaratibu wa nambari za milango kama wa miji ya ng'ambo. Ukimtafuta mtu Mkomani au Langoni unaulizia: ni kwa Bi nani, nyumba ya pembe ipi, baada ya msikiti upi. Mtoto wa kwanza utakayekutana naye kichochoroni atakufikisha. Ndiyo maana muuzaji wa huku akiombwa anwani huandika, bila kufikiri, "Mkomani, nyuma ya msikiti, uliza kwa mama fulani." Kwa mtu wa Lamu maneno hayo yanatosha. Kwa karani wa mizigo Nairobi hayana maana yoyote. Na kwa mtu mwenye nia mbaya aliyekwishashuka gatini, yanatosha kupita kiasi.

Jirani yangu anauza mabaibui, na alikuwa akiandika maelekezo kamili ya nyumba yake kwenye kila kifurushi. Jioni moja, magharibi ikiingia, akaja mwanamume asiyemjua, baibui mkononi, akidai halimtoshi mkewe na anataka pesa zake pale pale. Nyumbani walikuwa wasichana wawili na bibi yao. Yule bwana hakungoja kuitikiwa hodi. Aliingia mpaka kiwandani, ua wa ndani wa nyumba, akipaza sauti. Hakumgusa mtu, na pesa zake alirudishiwa, lakini yule bibi hakulala usiku ule, na mmoja wa wale wasichana hadi leo mlango ukigongwa haendi kufungua. Madai ya mteja yalikuwa ya haki. Aliyewaweka watoto wale katika hali ile ni karatasi iliyobandikwa juu ya kifurushi.

Nikiyafikiria haya hukumbuka jinsi wazee wetu walivyozijenga nyumba. Nyumba ya mawe ya Lamu haimpokei mpita njia moja kwa moja. Nje kuna daka, kipenu cha mbele ya mlango, na madaka yana baraza zake pande mbili, mgeni hukaa hapo akasemezwa, akapewa kahawa. Baada ya mlango kuna tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, na njia hukata kona kabla hujaingia kiwandani, kiasi kwamba hata mlango ukiwa wazi aliye kichochoroni haoni ndani. Nyumba ile ina mahali pa kukutana na ulimwengu, na ina mahali pake yenyewe, na kati ya viwili hivyo pana kona. Hakuna aliyewahi kusema kwamba mwenye nyumba ya namna hii anajificha. Mgeni anahudumiwa vizuri tu pale dakani.

Biashara ya mtandaoni ya mtu wa nyumbani inahitaji daka lake. Daka hilo kwetu sisi ni sanduku la posta.

Najua vijana wanaliona sanduku la posta kama kitu cha zama za barua za shule. Mimi naliona kama mali. "S.L.P. fulani, Lamu 80500" inasomeka Lodwar, inasomeka Kisumu, inasomeka Muscat. Karani yeyote wa posta anajua la kufanya nayo hata kama hajawahi kuiona bahari. Na haimpeleki mtu kwa watoto wako. Gharama yake ya mwaka, kwa mwanamke anayeuza chupa kumi za achari kwa mwezi, ni nzito, sikatai. Ndiyo maana sisi tuko watano. Mmoja anauza achari na pilipili za kusaga, mmoja mabaibui, mmoja udi na vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, mmoja mikeka anayoiagiza Kipungani, na mimi kofia. Sanduku limesajiliwa kwa jina la mmoja wetu, kila mzigo unaandikwa jina la muuzaji na neno "kwa" kisha jina la mwenye sanduku, na ufunguo uko kwa yule anayekaa karibu na posta. Tumeandikiana makubaliano kwenye daftari: nani analipa lini, na mwenye sanduku akihama itakuwaje. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sanduku la ushirika likigombaniwa huwa ni hasara ya watano.

Kwa mizigo inayorudi kwa basi, posta haisaidii. Hapo tumeafikiana na mwenye duka mmoja Langoni. Jina la duka lake na nambari ya simu ya biashara ndizo tunazoziandika, na anapewa chochote kwa kila mzigo anaoupokea. Nasisitiza hilo la kumlipa. Kuna mazoea ya kuwaachia watu vitu dukani kwa sababu ni jamaa au jirani, halafu mzigo unanyeshewa nje ya duka na wewe huna la kusema. Mtu unayemlipa unaweza kumwuliza.

Na simu iwe laini nyingine. Nambari ya biashara isiwe ile anayokupigia mwanao akiwa shule. Malipo nayo, ukiweza, pokea kwa nambari ya till, ile ya kulipia biashara kwa simu, maana mteja akilipa hutokewa na jina la biashara badala ya majina yako yote yalivyo kwenye kitambulisho.

Najua jibu la wanunuzi: asiyeonyesha kwake ni tapeli. Watu wameumizwa mtandaoni, wametuma pesa kwa viatu ambavyo havikuwahi kuwepo, na sasa wanataka kuona nyumba, mlango, hata jina la baba. Ninawaelewa. Lakini tapeli naye anaweza kuandika jina la mtaa na nyumba isiyo yake, nani atamhakikishia? Anachohitaji mteja ni mahali ambapo mzigo ukirudi utapokewa, na nambari ambayo ikipigwa itajibiwa. Mwambie waziwazi: nafanyia kazi nyumbani, wateja siwapokei nyumbani, hii hapa anwani ya kurudishia, na hili hapa duka ukitaka kukagua ukiwa Lamu. Sijapoteza mteja kwa maneno hayo.

Tena usiri huu ni haki inayotambuliwa. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inamlinda kila mtu asifichuliwe bila sababu mambo ya familia yake na maisha yake ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inaangalia upande wa pili, upande tunaousahau: taarifa za mteja zilizo mikononi mwetu. Nimeona boksi limetumiwa mara ya pili na jina na nambari ya mteja wa kwanza bado vinasomeka ubavuni. Nimeona picha za vifurushi zimetundikwa kwenye hali (status) ya WhatsApp ili watu waone biashara inakwenda, na kila nambari iko wazi. Mama, yule mteja naye ana nyumba na ana kona yake. Bandua karatasi ya zamani, au ifute kwa kalamu ya maka hadi isisomeke. Ukipiga picha, geuza boksi.

Sasa kufunga kwenyewe.

Mzigo wa Lamu una safari ambayo muuzaji wa Nairobi hajui. Unabebwa na punda au mkokoteni, unateremshwa gatini, unarushwa botini, kusi likivuma unarushiwa maji ya chumvi, unapandishwa Mokowe, kisha unakaa kwenye joto la buti ya basi kupitia Witu na Garsen, na njiani kuna vizuizi ambapo mizigo hukaguliwa na pengine hufunguliwa. Mwishoni mwa 2023 mafuriko yalipokata barabara ile, mizigo ilikwama siku nyingi. Kwa hiyo ninafunga kana kwamba boksi litafunguliwa na mtu asiyenijua, litalowa, na litachelewa.

Kufunguliwa: ninaweka karatasi ya pili ndani, yenye jina la mpokeaji, anwani ya kurudi na orodha ya vilivyomo. Ya nje ikibanduka, ya ndani itasema. Kulowa: maandishi ya nje ninayafunika yote kwa selotepu pana inayong'aa, maana wino wa biro ukipata maji ya bahari unageuka doa la buluu. Kuchelewa kunaamua uuze nini. Achari inastahimili. Vikuba vya asumini havistahimili, na yule mwenzetu amekubali sasa kuviuza hapa hapa kisiwani tu, mbali anatuma udi.

Kofia huvunjika umbo kabla ya kuchafuka. Mimi hukata ukanda wa kartoni, nikaukunja duara la kipimo cha kichwa, nikauvisha ndani, na katikati nikajaza karatasi laini isiyo na maandishi. Gazeti siku hizi silitumii kabisa, wino wake unahamia kwenye kitambaa cheupe joto likizidi. Boksi liwe kubwa kidogo kuliko kofia, pembeni pajazwe, na ukilitikisa usisikie kitu kinatembea.

Achari ina matata yake. Ya embe hasa huendelea kuchacha ndani ya chupa, joto linapanda, hewa inatafuta njia, na mafuta yanafuata. Usijaze hadi shingoni. Kaza kifuniko, zungushia selotepu, kisha kila chupa isimame peke yake, na katikati ya chupa na chupa pawe na kartoni. Mwenzetu alikuwa akizilaza. Boksi moja lililovuja lilichafua mzigo wa nguo wa mtu mwingine kwenye basi, na ilibidi alipe.

Kuhusu plastiki nitasema machache. Mifuko ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na sheria ile ilikuja na faini ya kuanzia shilingi milioni 2, kwa hiyo ile ya zamani iliyofichwa chini ya kitanda isitumike. Lakini hata pasingekuwa na sheria, sisi ndio tunaoiokota mifuko hiyo ikirudi na maji. Hapa Lamu ndipo lilipoundwa jahazi la Flipflopi, kwa plastiki na malapa yaliyookotwa ufukweni, likaenda hadi Zanzibar 2019. Mtu aliyeliona jahazi lile likishushwa majini hawezi kufungia kofia kwa makunjo sita ya nailoni akaona sawa. Kikapu cha ukili kinatosha ndani ya boksi, na mteja hukihifadhi.

Ukituma nje ya nchi, posta watakupa fomu ya forodha, CN22 kwa vifurushi vidogo. Andika kilichomo na thamani yake ya kweli. Usiandike "zawadi" kwa kitu ulichokiuza, hata mteja akikuomba. Na kwenye fomu za vifurushi vikubwa pana mahali pa kuchagua: kisipopokelewa, kirudishwe au kiachwe. Watu huliruka swali hilo, nalo ni swali la anwani ya kurudi. Kwa kofia, chagua kirudishwe, japo nauli itakuwa yako.

Kuhusu nani alipe ya kurudisha, sisi watano bado tunabishana. Mwenye mabaibui anasema mteja alipe, kwani vipimo alivitoa mwenyewe. Mimi nasema kosa likiwa langu nalipa mimi, na vipimo nilivyovisoma vibaya ni kosa langu. Mteja akibadili nia, alipe yeye, na nauli hiyo aambiwe kabla hajatuma hata shilingi moja. Pesa ya kofia nairudisha siku nitakapoishika kofia mkononi, nikaitazama kitambaa na nikahesabu vito. Achari iliyokwisha kufunguliwa hairudi, na hilo tumeliandika kwenye karatasi ya ndani ya boksi kwa herufi kubwa.