Diski Iliyochomolewa Haijapitwa na Wakati

Shule, zahanati na vyama vya kuweka na kukopa hupewa ushauri mmoja siku hizi: hamishieni kazi zenu zote kwenye hifadhi ya mtandaoni, muachane na diski za mezani, yaani vile vifaa vya kuhifadhia kazi vinavyochomekwa kwenye kompyuta. Wanaoutoa wana hoja. Simu ikikwapuliwa na mtu wa pikipiki barabarani, mwenyewe hununua nyingine, huingiza neno lake la siri, na picha za watoto hurudi kama zilivyokuwa. Diski haimfanyii mtu hivyo. Huanguka, huungua pamoja na nyumba, na mwizi akiipata haina ulinzi wowote huwa amebeba majina, namba za simu na mikopo ya wanachama wote, taarifa ambazo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inamtaka mtunzaji azilinde.

Hata hivyo, diski inahukumiwa kwa udhaifu wake huku sifa yake kuu ikisahauliwa: ikishachomolewa, hakuna mtu wala programu inayoweza kuifikia kwa njia ya mtandao. Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba kulandanisha, yaani utaratibu wa faili kujinakili yenyewe kutoka kompyuta hadi mtandaoni na hadi kwenye simu, ndiko kuweka nakala rudufu. Sivyo. Kulandanisha hakujui kazi ni ipi na uharibifu ni upi. Mhasibu akifuta kwa bahati mbaya ukurasa wa michango ya mwezi mzima, ukurasa huo hufutika kila mahali ndani ya muda mfupi. Na programu haribifu ikizifunga faili ili wenyewe wadaiwe fedha, faili zilizofungwa ndizo zinazosambazwa kwa bidii ileile.

Yaliyoikuta kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark yanalionyesha jambo hili kuliko maelezo yoyote. Tarehe 27 Juni 2017, programu haribifu iliyopewa jina la NotPetya, iliyoanza kusambaa Ukraine ikiwa imejificha ndani ya masasisho ya programu ya uhasibu, iliingia katika kompyuta zake. Maersk ilikuwa na seva, yaani kompyuta kuu zinazohudumia nyingine, zipatazo 150 zilizotunza kumbukumbu za nani anaruhusiwa kuingia wapi katika mtandao wake, na seva hizo zililandanishwa zenyewe kwa zenyewe ili moja ikifa nyingine zote ziwe nakala yake. Ulikuwa mpango mzuri kwa siku ambayo seva moja inakufa. Siku hiyo zilifutwa zote, isipokuwa moja iliyokuwa Ghana, ambako umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio na kuiacha nje ya mtandao. Mafundi walitaka kuivuta data ya seva hiyo kwa intaneti hadi Uingereza, walikokuwa wakiujenga upya mtandao, wakaona ingechukua siku kadhaa. Katika ofisi ya Ghana hapakuwa na mfanyakazi mwenye viza ya Uingereza, hivyo mmoja wao akapanda ndege hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski yenye data hiyo uwanjani, naye akaruka nayo hadi London. Seva 4,000 na kompyuta 45,000 zikasimikwa upya ndani ya siku kumi, na hasara ikakadiriwa kati ya dola milioni 250 na milioni 300.

Kampuni hiyo haikukosa fedha wala wataalamu. Kilichoiokoa ni kwamba nakala moja ilikuwa imetengana na nyingine, na hata huko kutengana hakukupangwa na mtu. Chama chenye wanachama mia mbili kinaweza kupanga kutengana huko kila Ijumaa kwa bei ya diski mbili.

Nitajibiwa kwamba hifadhi za mtandaoni hutunza matoleo ya zamani na faili zilizofutwa. Ni kweli, lakini kwa muda. Google Drive, kwa mfano, huacha faili kwenye pipa lake la taka kwa siku 30, kisha huiondoa kabisa, ilhali kosa lililofanyika kwenye hesabu za Machi mara nyingi huonekana mkaguzi anapofika Desemba. Tena mtandaoni nako ni mahali, penye kuta na nyaya. Moto uliozuka kwenye kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini, mjini Daejeon, Septemba 2025 uliteketeza hifadhi ya pamoja ya watumishi wa umma yenye terabaiti 858, nayo haikuwa na nakala kwingine. Kwetu, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilizorota vibaya Tanzania na kwa majirani. Ofisi iliyohitaji kurejesha kumbukumbu zake siku hiyo ingesubiri.

Simwambii mtu aikimbie hifadhi ya mtandaoni. Aitumie, hasa kwa ajili ya moto na wizi wa nyumbani. Ninachopinga ni kuitegemea peke yake. Na diski ninayoitetea si ile ninayoikuta katika ofisi nyingi, imechomekwa nyuma ya kompyuta tangu iliponunuliwa, ina vumbi, na kitaa chake kinawakawaka mchana kutwa. Hiyo itafungwa pamoja na kompyuta yenyewe siku ya shambulio. Zinahitajika mbili za kupokezana, moja ikae nyumbani kwa mweka hazina, na zote zifungwe kwa neno la siri kupitia BitLocker, programu ya kompyuta za Windows, au nyingine ya aina hiyo, na ufunguo wa akiba, ambao kwa BitLocker una tarakimu 48, ukiandikwa kwenye karatasi inayotunzwa mbali na diski, kwa sababu neno la siri likisahaulika na karatasi ikipotea, hata fundi stadi hataweza kuifungua. Kisha, walau kila baada ya miezi mitatu, katibu aichomeke diski kwenye kompyuta nyingine, afungue faili ya mwaka uliopita, atafute salio la mwanachama mmoja na kulilinganisha na lililoandikwa kwenye kitabu chake cha akiba.