Joka jekundu la Wales liachwe lilipo

Kila unapozuka mjadala wa kubadilisha bendera ya Uingereza, wapo wanaotaka joka jekundu la Wales liwekwe katikati ya ile misalaba. Mwaka 2007 hoja hiyo ilifika hadi bungeni London. Uchungu wao naufahamu: England, Scotland na Ireland zote zina misalaba yao pale, Wales haina hata uzi. Hata hivyo napinga, na sababu yangu imo ndani ya hadithi ya joka lenyewe.

Hadithi hiyo imo katika kitabu cha Kilatini cha karne ya 9. Mfalme Vortigern wa Wabritoni, mababu wa watu wa Wales, baada ya kuelemewa na Wasaksoni, wageni kutoka ng'ambo aliowakaribisha mwenyewe, anataka kujenga ngome juu ya kilima cha Dinas Emrys, kaskazini mwa Wales. Vifaa vinakusanywa mchana, usiku vinatoweka. Vinapotoweka mara ya tatu, wenye hekima wake wanamshauri atafute mtoto asiye na baba, amchinje, na damu yake inyunyizwe kwenye kiwanja. Mtoto anapatikana. Anapofikishwa mbele yao hasihi wala halii, anawauliza: chini ya hapa mnaposimama kuna nini? Hawajui. Kuna dimbwi, chimbeni. Wanachimba, wanalikuta. Na ndani ya dimbwi kuna nini? Hawajui tena. Mna vyombo viwili, na ndani yake hema lililokunjwa, na ndani ya hema majoka mawili yamelala, moja jeupe, moja jekundu.

Yanaamka na kupigana. Jekundu ndilo linaloonekana dhaifu. Mara tatu linasukumwa kuelekea ukingoni mwa hema. Mwishowe linapata nguvu, linalitimua jeupe na kulifukuza dimbwini hadi likatoweka. Mtoto anamfafanulia mfalme: jekundu ni lako, jeupe ni la Wasaksoni, hema ni ufalme wako.

Walioisimulia hadithi hii walikuwa wamekwisha kunyang'anywa sehemu kubwa ya kisiwa chao. Ndiyo maana joka lao halianzi kwa kushinda. Karne tatu baadaye mwandishi Geoffrey wa Monmouth alimfanya yule mtoto kuwa Merlin, yule mchawi wa hadithi, na tangu hapo macho ya wengi yamehamia kwenye uchawi. Nasikitika kwa hilo, kwa sababu mtoto aliyehukumiwa kifo akawanyamazisha wakubwa kwa maswali ni jambo zito kuliko uchawi wowote.

Sasa tazama wafalme walivyolitendea. Agosti 1485 Henry Tudor alipita Wales akiwa na bendera ya joka jekundu, akashinda vita vya Bosworth vilivyompa ufalme wa England, akalipa joka nafasi ya kushika ngao katika nembo ya kifalme. Mwanawe, Henry wa Nane, ndiye aliyeiingiza Wales ndani ya England kwa sheria za miaka ya 1530 na 1540. Kwa hiyo bendera ya kwanza ya pamoja ilipotengenezwa mwaka 1606, Wales ilihesabiwa kuwa imekwisha wakilishwa na msalaba wa England. Miaka mitatu kabla ya hapo, James, mfalme wa Scotland, alikuwa amekalia kiti cha ufalme wa England na kuliondoa joka kwenye nembo, akaweka farasi wa pembe moja wa Scotland. Lilipandishwa na mfalme, likashushwa na mfalme, na watu wa Wales hawakuulizwa mara zote mbili.

Bendera yake yenyewe, juu ya nyeupe na kijani za akina Tudor, ilitambuliwa rasmi mwaka 1959. Humo joka lina uwanja mzima, halisukumwi ukingoni na yeyote. Kulibana katikati ya misalaba ya wengine, kwa idhini ya bunge la London, ni kulirudisha mahali lilipotoka kwa taabu. Ikiwa bendera ya pamoja ni lazima ibadilike, Wales wana msalaba wao pia: ule wa Mtakatifu David, wa njano juu ya nyeusi. Huo ndio uingizwe.