Nipeni Picha ya Ubavuni

Picha ya farasi mwitu inayonunuliwa sana unaijua hata kabla hujaonyeshwa. Madume wawili wamesimama kwa miguu ya nyuma wakipigana, vumbi linatimka, jua la jioni linawamulika kwa nyuma. Rangi zimeondolewa, umebaki weusi na weupe. Hutundikwa sebuleni, ukubwa wa mlango. Sina ugomvi nayo, kizuri chajiuza. Ugomvi wangu unaanza pale tunapoambiwa kwamba picha hiyo inawaokoa mustang, yaani farasi mwitu wa Marekani.

Inawaokoa vipi? Mwenye sebule haoni kwamba farasi hao wanagawana ardhi ya umma na ng'ombe wa wafugaji. Haoni kwamba BLM, shirika la serikali linalosimamia ardhi hiyo, lilikadiria Machi 2024 kuwa wao pamoja na punda mwitu wamezidi 70,000, huku lenyewe likisema malisho yanatosha 25,500 hivi. Wengine zaidi ya 60,000 wamekwisha kukamatwa na wanalishwa kwa fedha za serikali. Unaweza kuibishia hesabu ya BLM, na wapo wengi wanaouliza mbona ng'ombe hawabanwi namna hiyo. Ila madume wawili vumbini hawakusaidii kubisha wala kukubali.

Tena, mbio zile za kupendeza wakati mwingine chanzo chake ni mpiga picha mwenyewe, aliyesogea mno. Kwenye milima ya Pryor, mpakani mwa Montana na Wyoming, mgeni anatakiwa akae umbali wa futi 100. Farasi aliyetulia anakula majani hauziki, basi kuna watu wanaosogea.

Zipo picha zinazofanya kazi, nazo ni za siku farasi wanapokamatwa. Velma Johnston wa Nevada alipigania sheria ya 1959 iliyokataza kuwawinda farasi hawa kwa ndege na magari, na mwaka 1971 ikapatikana sheria kamili ya kuwalinda. Kufikia 1976 Bunge la Marekani lilikwisha kuruhusu helikopta irudi kuwakamata, safari hii mikononi mwa serikali. Ndiyo maana namheshimu anayekwenda kupiga picha siku ya kukamatwa, akisubiri kutwa nzima mahali alipoelekezwa asimame. Mwandishi wa habari za picha Laura Leigh alifungua kesi baada ya kuwekewa mipaka kwenye ukamataji wa Silver King, Nevada, mwaka 2010. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa iliitaka mahakama ya chini ipime upya kama mipaka ile ilikuwa halali. Picha za namna hiyo nani atazitundika sebuleni?

Lakini ninayoipenda kuliko zote haina hata mchezo wa mwanga. Ni ya ubavuni: farasi amesimama, kushoto picha moja, kulia nyingine, na ya uso ikionyesha baka lake jeupe. Ukiitazama haraka utadhani ni picha ya kitambulisho, na kweli ndiyo kazi yake. Kwenye makundi yanayodhibitiwa kwa chanjo ya PZP, inayozuia mbegu ya dume isiingie kwenye yai, kila jike lazima atambuliwe kabla ya kurushiwa sindano kwa bunduki. Chanjo hiyo hurudiwa, kwa kawaida kila mwaka. Ukimkosea mmoja kwa mwenzake, huyu anachomwa mara mbili na yule anazaa. Kundi la upande wa Maryland, kisiwani Assateague, pwani ya mashariki ya Marekani, lilianza kudhibitiwa hivyo 1994, na huko hakuna helikopta. Watoto wakizaliwa wachache, sababu ya kuwakamata inapungua. Huo ndio uokoaji ninaouelewa mimi.

Kwa hiyo nikialikwa tena kwenye maonyesho ya farasi mwitu, ningependa kukuta ile kubwa ya mlango, na pembeni yake, kwenye fremu ya gharama ileile, ubavu wa kushoto na wa kulia wa jike mmoja, mwaka aliozaliwa, na tarehe ya sindano yake ya mwisho.